Kipimo cha Uzi

Mbeyu hukalia kreti ya soda, mimi chini,
mabega katikati ya magoti yake,
nyuma ya vibanda vya mitumba Kongowea.
Agawa kichwa changu viwanja
kama afisa wa ardhi asiyekula hongo.
"Nta sitii," asema. "Nta hukamata vumbi,
mwisho utajikuta umesuka soko zima."
Atia shubiri. Ashika sindano.
Ingiza, zungusha, vuta, kaza.
Mwendo huo naujua.
Nimekua nikiutazama.

Baba hushona kofia za vitobo
mlangoni kwetu, Kibokoni,
kofia moja miezi mitatu, miwani puani.
Niliporudi siku ile aliinua macho mara moja:
"Kitwa hicho wakipeleka wapi?"
Akarudi kwenye kitobo chake.
Tangu hapo salamu, na kimya.

Shangazi Mwanamize yeye hakunyamaza.
"Ni bangi, ni mapenzi, au ni jini?"
Ni nywele, shangazi.
"Nywele zina mama yao," akasema, akaondoka na sahani yake.
Ofisini Kilindini mkubwa wangu aliniuliza kama nimefiwa.
Na askari pale Makupa alimwaga mkoba wangu juu ya boneti:
chupa ya shubiri, fomu za forodha,
nusu ya mahamri.
Alinusa mahamri.

Hakuna aliyeniambia kuhusu maji.
Kisima chetu kina chumvi,
na nywele zikinywa chumvi hukatika kama biskuti.
Basi Jumapili namngoja Kazungu na mkokoteni wake:
madumu mawili ya maji matamu,
moja la chai ya Mama, moja la kichwa changu.
Mama hunikumbusha kila akikoroga.

Na Mei! Mei hakuna kikaukacho Mombasa,
si shuka, si chumvi ndani ya kopo, si mimi.
Nililala na nywele mbichi usiku mmoja tu,
zikaamka zikinuka tambara la jikoni.
Mbeyu akanisuuza kwa siki,
akanitukana kwa Kigiriama,
akanitoza mara mbili.

Sasa hulala nimezifunga kwa leso kuukuu ya Mama.
Jina lake limefutika nusu,
limebaki *Wema hau*
na baada ya hapo ni uzi mtupu.
Kila usiku naliweka shavuni neno hilo lisilokwisha.

Mwaka wa pili zilifika shingoni.
Nikaijaribu kofia yangu ya Idd, namba ishirini na mbili:
ikakaa juu
kama kifuniko cha sufuria ya maziwa
juu ya sufuria ya pilau.
Ndugu zangu walicheka mpaka wakakaa chini.
Baba hakucheka.

Usiku ule, baada ya tarawehe, akaniita.
"Ndoo. Kaa kitako."
Akachukua uzi mweupe, akauzungusha kichwani mwangu,
juu ya masikio, juu ya kila kitu,
kisha vidole vikasimama nyuma ya sikio la kushoto.
Akaishika moja. Akaivingirisha polepole,
kama apimavyo uzi mpya kabla ya kuulipia.
"Nani huyu akushonaye?"
Mbeyu, Baba. Wa Kongowea.
Kimya. Taa ikapepesa.
"Ana mkono," akasema.
Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Idd imeshapita. Kofia bado,
kofia ni miezi mitatu, na macho yake si ya zamani.
Uzi wangu unaning'inia msumarini mlangoni
kando ya nyuzi za wateja,
mrefu kuliko zote.
Naupita asubuhi, naupita jioni.

Nywele zakua. Uzi haukui.
Jumamosi nakaa tena chini ya kreti ile,
nainamisha shingo, namwambia Mbeyu:
kaza, dada, kaza zaidi kidogo,
Baba ameshapima.